Robert Williams, mtu aliyeitafutia shaba ya Katanga njia fupi ya bahari

Reli ya Lobito inatajwa kila siku kule Kolwezi na Lubumbashi, lakini jina la aliyeianzisha limesahaulika na wengi. Ni Robert Williams, mhandisi aliyezaliwa Aberdeen, Scotland, mwaka 1860. Alifika Afrika ya Kusini akiwa kijana, akawa rafiki wa Cecil Rhodes, na mwaka 1899 akaanzisha kampuni ya Tanganyika Concessions.

Mwaka 1906 kampuni hiyo ilikuwa kati ya waanzilishi wa Union Minière du Haut-Katanga. Shaba ilikuwa nyingi, ila bahari ilikuwa mbali. Reli ya kusini, kupitia Rodezia, ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka uliofuata kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi. Lakini mzigo ulishuka hadi Beira, kwenye Bahari ya Hindi, huku wanunuzi wakiwa Ulaya.

Williams alikuwa ameliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1902 Ureno ilimpa ruhusa ya kujenga reli toka Lobito, Angola, hadi mpaka wa Kongo, kilomita 1,344. Ukosefu wa pesa na Vita Kuu ya Kwanza vilichelewesha kazi kwa miaka mingi.

Siasa nayo ilikuwa kikwazo. Ubelgiji ilipendelea njia inayobaki ndani ya koloni lake: treni hadi Ilebo, iliyofikiwa na reli mwaka 1928, kisha meli hadi Kinshasa, kisha treni tena hadi Matadi. Kila kupakua na kupakia kuliongeza gharama, lakini serikali iliona afadhali hivyo kuliko kutegemea bandari ya Wareno.

Reli ya Williams iliunganishwa na Katanga mwaka 1931, wakati bei ya shaba imeanguka duniani kote. Alifariki mwaka 1938. Waafrika waliotoa jasho kwenye reli na migodini hawakuulizwa neno katika mipango hiyo.

Vita vya Angola viliifunga njia hiyo kwa shaba yetu tangu mwaka 1975. Baadaye, chini ya kampuni mpya, shaba ya Kongo ilianza tena kupita Lobito. Njia fupi hupunguza gharama ya mchimbaji. Kama faida itabaki Katanga, hilo linategemea mikataba ambayo serikali inatia sahihi.