Maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Nasaba ya Nyumba Yake

Wanafunzi wa darsa yetu hapa Mikinduri wametuomba mara nyingi tuwaandikie maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwa kuwa hulisikia jina lake kila itajwapo islahi katika Afrika ya Mashariki. Mmoja wao, kijana ambaye baba yake ndiye wa kwanza kusilimu katika ukoo wao, aliuliza jambo lililotunyamazisha kidogo. Alitaka kujua kwa nini mwanachuoni aliyetumia umri wake kuwazindua Waislamu wote, wa kila kabila, akajishughulisha pia kuandika tarehe na nasaba ya watu wake mwenyewe. Swali hili ni la haki, na jawabu lake halipatikani ila kwa kuijua kwanza nyumba alimozaliwa.

Mazrui ni Waarabu wa Omani. Waomani walipowatoa Wareno katika Ngome ya Mombasa mwaka 1698, mji ule ukawa chini ya maliwali waliotumwa na Maimamu wa Al-Yaarubi. Katika miaka ya 1730 uliwali ukamfikia Muhammad bin Uthman Al-Mazrui, na tangu hapo, kwa muda wa karibu miaka mia moja, haukutoka mikononi mwa ukoo huo. Ufalme wa Omani ulipowatoka Al-Yaarubi ukawaingia Al-Busaidi, Muhammad bin Uthman hakukubali kuwatii. Aliona kuwa yeye alipewa Mombasa na dola iliyokwisha, wala hana deni kwa dola mpya. Basi wakatumwa watu wakamwua. Ndugu yake Ali bin Uthman akaponyoka, akakusanya watu, akairudisha Ngome. Kisha Ali naye akaenda kupigana Unguja, na huko akauawa, si na adui, bali na mtu wa nyumba yake mwenyewe.

Wakafuata wengine, baba na mwana, ndugu na ndugu. Ahmad bin Muhammad alitawala zaidi ya miaka 30. Vita vya Shela, karibu na Lamu, viliwavunja nguvu. Mwaka 1824 waliitundika bendera ya Waingereza kwa mkono wa Kapteni Owen, wakitaraji kinga dhidi ya Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1826 Waingereza wakaondoka, wakawaacha peke yao. Mwaka 1837 Sayyid Said akaingia Mombasa. Wakuu wa Mazrui wakakamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas, wala hawakurudi tena. Waliosalia wakatawanyika, hawa wakaenda Gazi upande wa kusini, na hawa Takaungu upande wa kaskazini.

Tumeyarefusha haya kwa sababu mwenye kuusoma mnyororo huo wa majina, fulani bin fulani bin fulani, haoni fakhari tupu. Huona damu, na mara nyingine huona damu ya ndugu. Desturi ya watu wenye ngome na nchi, popote walipo, ni kuandikiwa nasaba ili haki yao ya kutawala ijulikane. Hata Wazungu walikuwa hivyo: ukoo wa Welf wa Ujerumani ya kusini uliandikiwa tarehe yake yapata mwaka 1170, wakati ukoo huo ungali na mashamba, ngome na watumishi. Nasaba ya Mazrui iliandikwa na Sheikh Al-Amin wakati Ngome ya Mombasa ilikuwa jela ya Serikali ya Kiingereza. Hapakuwa na kiti cha kudaiwa tena.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi, alikuwa mwanachuoni mkubwa, aliyepata kusoma Makka, akawa kadhi wa Mombasa. Mazrui walikuja kutoka Omani wakiwa Maibadhi, lakini Sheikh Ali alishika madhehebu ya Shafii na kuyafundisha kwa dhahiri. Kwa ajili ya mambo hayo ya madhehebu Sayyid Barghash alimtia kifungoni mwaka 1887, na hakutoka mpaka mwaka 1888, alipofariki Sayyid Barghash na Sayyid Khalifa akamfungulia. Yafaa msomaji alishike jambo hili. Babu za nyumba hii waligombana na Al-Busaidi kwa ajili ya Ngome. Sheikh Ali alifungwa nao kwa ajili ya kitabu.

Sheikh Ali alifariki mwaka 1894, na mwanawe hakupata kumjua sana. Mwaka uliofuata ukoo ukawaka moto tena. Sheikh Salim bin Khamis wa Takaungu alipokufa, Kampuni ya Kiingereza ikamsimamisha mtu wa khiari yake badala ya yule aliyetarajiwa na wengi, na ugomvi huo wa nani amrithi nani ukageuka vita vya pwani nzima. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mwana wa liwali wa mwisho wa Mombasa, akaingia vitani. Waingereza wakaivunja ngome yake ya Mwele mwezi wa Agosti 1895, na mwezi wa Aprili 1896 akavuka mpaka kwenda upande wa Wadachi, akajisalimisha kwa Gavana von Wissmann. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910. Hivi ndivyo ulivyokwisha upanga wa Mazrui, na Al-Amin alikuwa mtoto wa miaka mitano.

Yatima huyu alilelewa na jamaa yake, Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu, naye ndiye aliyemsomesha. Baadaye akaenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, nguzo mbili za ilimu katika zama zile. Na wakati huohuo alikuwa akisoma yaliyotoka Misri, hasa gazeti la Al-Manar la Sayyid Rashid Ridha, na maneno ya Sheikh Muhammad Abduh. Humo aliona kwamba unyonge wa Waislamu hautokani na dini yao, bali na kuiacha, na kuacha ilimu na kazi.

Mwaka 1930 akatoa karatasi yake, Sahifa, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Humo aliwakemea watu wa pwani waziwazi: israfu za harusi na matanga, mali yao kuwaponyoka, kuwaiga Wazungu katika mavazi na anasa na kuacha kuwaiga katika bidii, na kuwanyima ilimu watoto wao, wa kiume na wa kike. Hakuwasaza wenye majina makubwa, na jina lake lilikuwa miongoni mwa hayo. Makala za Sahifa zilikusanywa baadaye katika kitabu Uwongozi, na hata leo ukisoma utadhani jirani yako ndiye asemwaye. Alipofanywa kadhi wa Mombasa gazeti lilikoma, na hili sisi twaliona ni khasara, ingawa cheo alikistahili. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akabaki katika kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1947. Ukanda wa pwani siku zile ulihesabiwa kuwa ni nchi ya Sultani wa Zanzibar. Kwa hiyo Mazrui huyu alihukumu chini ya bendera ya Al-Busaidi, wala haikusikiwa kuwa alilifanya hilo kuwa kisasi.

Sasa turudi kwenye swali la kijana wetu. Kitabu cha tarehe ya Mazrui Sheikh alikiandika kwa Kiarabu, liwali baada ya liwali, nacho hakikupigwa chapa katika uhai wake. Kilitoka mwaka 1995 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, miaka 48 baada ya kufa kwake. Lakini maneno ya kuwafaa watu wote aliyaandika kwa Kiswahili, akayatoa papo hapo, akayatia mikononi mwa wachuuzi na mabaharia. Tarehe ya jamaa zake ilingoja, nasaha hazikungoja. Kwa rai yetu, mpango huo watosha kuonyesha kila kimoja alikipa uzito gani.

Wala sisi wa Meru tusidhani kuwa nasaba ni ugonjwa wa Waarabu tu. Wazee wetu husimulia kuwa walitoka Mbwaa, kisiwa cha pwani, wakikimbia watu wa Nguo Ntune, na mpaka leo koo zetu hujihesabu kwa rangi tatu, weusi, wekundu na weupe, kwa jinsi babu zao walivyovuka maji. Mzee wa mwiriga ajua vizuri nani aolewe wapi. Na mwandishi wa mistari hii amewahi kuambiwa pwani, katika posa ya mwanafunzi wake, kwamba kijana ana dini na ilimu lakini hana babu wa kutajwa. Posa ile haikufaulu.

Sheikh Al-Amin aliacha minyororo miwili. Wa damu ulimfikia mwanawe Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, akawa mtaalamu mashuhuri wa siasa Marekani, na mwaka 2014 akarudishwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya Mazrui yanayoelekeana na Ngome. Mnyororo wa ilimu ulipita kwa wanafunzi wake. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui alikuwa Kadhi Mkuu kuanzia mwaka 1963 mpaka 1968. Aliyempokea, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, hakuwa Mazrui, na tafsiri yake ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili imeingia katika nyumba nyingi zisizojua lolote juu ya maliwali wa Mombasa. Nakala moja iko katika rafu ya msikiti wetu, jalada lake limeshonwa upya mara mbili, na yule kijana aliyeuliza swali ndiye anayeisoma zaidi.