Imam Ahmad bin Hanbal na Uthabiti Wake

Imam Ahmad bin Muhammad bin Hanbal, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Baghdad mwaka 164 wa Hijra, nao ni mwaka 780 wa Miladi. Baba yake alikufa naye angali mdogo, akalelewa na mama yake. Alisafiri Basra, Hijazi na Yaman kutafuta Hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie. Na katika waalimu wake alikuwamo Imam Shafi'i, ambaye madhehebu yake yafuatwa na Waislamu wengi wa Mwambao.

Mwaka 218 (833) Khalifa Al-Ma'mun aliamrisha makadhi na wanavyuoni wakiri ya kuwa Qur'ani imeumbwa. Imam Ahmad aliitakidi kuwa ni maneno ya Mwenyezi Mungu, hayakuumbwa. Wanavyuoni wa Baghdad wakakusanywa, wakaulizwa mmoja mmoja. Wengi walikubali: huyu kwa kuamini, yule kwa khofu ya upanga. Waliokataa walikuwa wachache, nao wakapungua hata wakabaki wawili, Imam Ahmad na Muhammad bin Nuh. Wakatiwa minyororo, wakapelekwa kwa Khalifa. Walipokuwa njiani, Al-Ma'mun akafa. Wakarejeshwa, na Muhammad bin Nuh naye akafa katika safari hiyo. Imam akamswalia, akabaki pweke.

Alikaa gerezani kadiri ya miezi 28. Khalifa Al-Mu'tasim akamjadilisha na wanavyuoni wa baraza yake, naye hakutaka kwao ila dalili ya Kitabu au Sunna. Walipomshindwa, alipigwa mijeledi hata akazimia. Kulikuwa na ruhusa kwa mwenye kulazimishwa kusema kwa ulimi asiloliamini moyoni, na Imam aliijua. Walakini aliona ya kuwa watu wanamtazama yeye, na neno lake la khofu lingalikuwa dini kwa wasiojua. Baadaye alimsamehe Al-Mu'tasim.

Zama za Khalifa Al-Wathiq, baadhi ya wanavyuoni walimwendea kumshauri waasi. Akawakataza, asichelee kuwaudhi wale wale waliompenda.

Kisha ukaja mtihani wa namna nyingine. Al-Mutawakkil, aliyetawala tangu mwaka 232 (847), aliuondoa ule ulazimishaji, akamtukuza Imam na kumpelekea mali. Imam aliiona mali ile kuwa ni fitina kama mijeledi. Akaitoa sadaka, akachukizwa na wanawe walipoipokea ya Khalifa.

Alikufa Baghdad mwaka 241 (855), na umati mkubwa ukahudhuria maziko yake. Wingi wa watu siku ile haukuizidisha haki yake, kama uchache wao siku ya minyororo haukuipunguza. Wala yeye hakutaka kuwa mbali na watu kwa kupenda sifa ya upekee. Alisimama na dalili yake. Mwenye kutaka kumfuata na aipime kwanza dalili yake. Kisha asiuze neno lake kwa khofu wala kwa sifa.