Allidina Visram na mtoto asiyetulia darasani

Mwalimu yeyote aliyepata kushika chaki Msambweni, Kinango au Lunga Lunga anamjua mtoto huyu. Somo la hesabu halijafika nusu naye amekwisha kusimama mara tatu. Daftari lake lina mistari miwili, kisha picha ya jahazi. Swali hulijibu kabla halijaulizwa lote. Lakini Jumamosi mkute Ukunda akimsaidia mamake kuuza mabuyu: bei zote anazo kichwani, chenji haimpotei, na wateja anawaita kwa majina yao.

Siku hizi waganga wa hospitali wanayo hali waiitayo ADHD, yaani mtu kushindwa kutuliza akili na mwili na kutenda kabla ya kufikiri. Huanza utotoni, chanzo chake ni jinsi ubongo unavyofanya kazi, na haitokani na malezi mabaya wala pepo. Si kila mtundu anayo. Hilo ni la daktari kuamua. Walimu, hata hivyo, hawawezi kungoja daktari, kwa maana mtoto yuko mbele yao leo, na kiboko kilikwisha pigwa marufuku mwaka 2001.

Nilipokuwa nikilitafakari jambo hili, fikira zangu zilimwendea Allidina Visram. Sisemi kwamba alikuwa na hali hiyo. Alifariki mwaka 1916 bila mtu kumpima, na kumbandika maiti jina la ugonjwa ni kukosa adabu na elimu kwa pamoja. Ninachosema ni kwamba maisha yake yanaonyesha mtu asiyekaa pamoja anavyoweza kufika mbali, na anapoweza kukwama.

Alizaliwa Kutch, India, mwaka 1851. Akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi alivuka bahari akafika pwani yetu, akaajiriwa Bagamoyo na Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akitayarisha misafara ya bara. Kazi hiyo haikuwa ya kukaa kitini. Kijana alijifunza nguo gani inatakiwa wapi, na nta, asali na pembe za ndovu zinapatikana kwa nani. Hatimaye akaanza misafara yake mwenyewe, na maduka yake yakafuata njia za Tabora na Ujiji hadi yakaingia Kongo.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, wafanyabiashara wengi walingoja waone. Yeye hakungoja. Kila reli ilipofika, duka lake lilifunguliwa karibu, likiwauzia wajenzi chakula na bidhaa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini Kampala yeye alikuwa amekwisha kufungua duka. Kisha akarukia pamba, mafuta ya ufuta na nazi, mbao, soda, mashamba ya mpira na vyombo vya kusafiri ziwani. Mwenye akili tulivu angemwambia achague moja.

Miaka hiyo hiyo, huku kwetu Gazi, aliishi mtu mwingine asiyetulia, Mbaruk bin Rashid Mazrui. Alipigana na masultani wa Zanzibar kwa miongo kadhaa, kisha na Waingereza mwaka 1895. Mwaka uliofuata, mwaka ule ule wa kuanza kwa reli, alikimbilia upande wa Wajerumani, na akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Simpimi Mbaruk kwa mizani ya duka. Yeye alikuwa na nchi ya kutetea. Nawataja pamoja kwa sababu wanafunzi wetu hudhani ari ya namna hii ina mlango mmoja tu.

Sasa, kuna wanaosema kwamba kutotulia ni kipaji chenyewe, na mtoto aachwe alivyo. Siafiki. Visram hakusimama peke yake. Alikuwa na mawakala wengi, vijana aliowaleta kutoka India, nao walikaa dukani wakiandika hesabu siku baada ya siku ili yeye apate kusafiri. Wepesi wa kuona nafasi ulikuwa wake. Uvumilivu wa daftari aliuajiri. Mwanafunzi wa Msambweni hana wa kumwajiri. Hivyo mwalimu na ampe kazi ya kugawa vitabu ili asimame kwa ruhusa, amkatie zoezi refu vipande vifupi, amketishe karibu na mwenzake mwenye mpango, na amfundishe kuandika kila senti ya yale mabuyu. Wengine watahitaji dawa pia, na hapana aibu.

Hatari ya kumtegemea mtu mmoja mwepesi ilionekana mapema. Visram alikwenda Kongo kwa shughuli zake, akapata homa, na homa hiyo ikamwua. Mwanawe Abdulrasul alirithi kila kitu, naye akafariki mwaka 1923. Haukupita muda mrefu ile himaya ya maduka ikaporomoka. Kilichosalia ni sanamu Treasury Square, Mombasa, pamoja na shule ya sekondari ambayo mwana aliijenga kwa jina la baba, ikafunguliwa mwaka ule ule wa 1923. Shule hiyo ingali inafundisha, na mtoto wa Kwale huifikia kwa kuvuka kivuko cha Likoni.