George Carver na Udongo Uliochoka

Watoto wa Shelui, chini ya mlima wa Sekenke, wazijua kunde tangu utotoni: majani yake ni mboga, na punje zake ni chakula. Mmea huu haudai mengi. Huota hata penye mchanga na mvua haba. Huko Marekani alikuwako mtu mmoja aliyeuheshimu sana, jina lake George Washington Carver.

Alizaliwa utumwani katika jimbo la Missouri, yapata mwaka wa 1864. Angali mchanga, wezi walimwiba pamoja na mama yake. Mtoto akarudishwa, lakini mama hakuonekana tena. Kwa kuwa mwili wake ulikuwa dhaifu, alipewa kazi za jikoni na bustani, akawa hodari wa kuponya mimea iliyonyauka, hata majirani wakamletea yao. Elimu aliipata kwa taabu nyingi. Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, kisha kikamkataa kilipomwona ni mtu mweusi. Mwaka wa 1896 akapata shahada ya pili ya kilimo huko Iowa.

Mwaka uo huo Booker Washington alimwita Tuskegee, Alabama, akafundishe. Alikuta nchi iliyochoka. Watu walikuwa wakipanda pamba mwaka baada ya mwaka, hata milangoni pa nyumba zao, wala hawakuacha nafasi ya bustani. Wengi walilima mashamba ya wengine, nao walikuwa na madeni. Mbolea ya dukani wangeinunua kwa nini?

Carver hakuanza kwa kuuliza ni mboga gani iliyo tamu, wala ipi yenye bei. Aliuliza ni mmea gani utakaoweza kuishi katika udongo ule na kuuacha bora kuliko ulivyoukuta. Akachagua kunde na karanga. Mizizini mwake mna vifundo vidogo, na ndani ya vifundo mna bakteria wasioonekana kwa macho, ambao huitwaa naitrojeni ya hewani wakaifanya chakula cha mmea. Mizizi na majani yakiachwa kuoza shambani, zao lifuatalo hunufaika. Viazi vitamu havina kazi hiyo, lakini huvumilia mchanga na huzaa sana. Kwa mbolea, aliwaagiza wakusanye majani makavu ya mwituni na matope ya vinamasi.

Shida ikabaki jikoni. Kunde, ingawa asili yake ni Afrika, huko zilijulikana zaidi kuwa chakula cha mifugo. Basi akapiga chapa vijitabu vyenye mapishi; na tangu mwaka wa 1906 gari la kukokotwa na wanyama lilipeleka mafundisho vijijini, kwa wasioweza kufika chuoni. (Wengi husema kwamba alibuni siagi ya karanga. Sivyo, ilikuwako kabla yake.)

Alikufa Tuskegee tarehe 5 Januari 1943, akazikwa kando ya Booker Washington. Akiba yake aliiachia kazi ya utafiti.