Baba ya Simba na swali la Kora

Kama umewahi kuona ile video ya YouTube ya simba mkubwa anayewarukia vijana wawili wazungu na kuwakumbatia kama ndugu waliopoteana, basi umeiona Kora. Ilichukuliwa 1971, ikasambaa mtandaoni 2008. Simba huyo aliitwa Christian. Alinunuliwa akiwa mdogo kwenye duka la Harrods jijini London, akaletwa Kenya 1970. Mzee aliyempokea na kumfundisha maisha ya porini ni George Adamson, ambaye watu walimwita Baba ya Simba.

Wengi wetu tunaitazama video, tunatoa chozi, tunaishia hapo. Lakini Kora si seti ya filamu. Ni nyika kavu ya miiba kando ya Mto Tana, kati ya Meru na mji wa Garissa, na ina watu wake.

George alizaliwa India 1906, akafika Kenya 1924, ambako babake alikuwa na shamba la kahawa. Kilimo hakikumwingia. Alitafuta dhahabu Kakamega, akauza mbuzi, akaongoza wawindaji. Kubangaiza tu, kama sisi. Mwaka 1938 akaajiriwa na idara ya wanyamapori na kupewa kaskazini ya nchi, eneo lililofika hadi Garissa, Wajir na Mandera. Alilizunguka kwa miguu, mizigo ikibebwa na ngamia na punda.

Alimuoa Joy 1944. Mwaka 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemvamia, kumbe mama huyo alikuwa analinda watoto wake watatu. Mmoja wao ndiye Elsa. Joy aliandika kitabu Born Free 1960, kikawa filamu 1966, na dunia nzima ikawajua.

Baada ya filamu, George alichukua baadhi ya simba walioigiza, akaanza kuwarudisha porini kule Meru. Simba wake mmoja, Boy, akamjeruhi mtoto wa afisa wa mbuga, na mzee akatakiwa kuondoka. Ndipo 1970 akahamia Kora, ardhi iliyokuwa chini ya baraza la Tana River, akawa analipa kodi. Nduguye Terence alifyeka barabara. Kambini, watu ndio waliokaa ndani ya ua wa waya, simba wakazurura nje. Haikuwa mchezo: 1971 Boy alimuua mfanyakazi wa kambi, na George mwenyewe akampiga risasi.

Mwaka 1973 Kora ikatangazwa hifadhi. Sasa hapo ndipo shida ilipo.

Kwenye ramani, Kora ilionekana ardhi tupu isiyofaa kwa lolote. Lakini muulize mfugaji. Kwake, ardhi anayoitumia miezi michache tu, au mwaka mbaya pekee, si ardhi tupu. Ni akiba. Mvua ikikataa, Waorma na Wasomali husogeza mifugo kuelekea Mto Tana, kwa sababu huko ndiko maji yaliko. Ukiifunga akiba hiyo, aliyekuwa mwenye malisho jana leo anaitwa mvamizi. George aliwajua simba wake mmoja mmoja kwa majina. Wenye mifugo, kwake, walikuwa tishio kwa simba hao.

Tusimwonee pia. Miaka hiyo majangili walikuwa wanamaliza wanyama kweli. Kenya ilikuwa na ndovu takriban 167,000 mwaka 1973. Kufikia 1989 hawakufika 20,000. Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe jijini Nairobi. Mwezi mmoja baadaye, Agosti 20, wahalifu wenye bunduki walivamia gari lililokuwa na mgeni wa George karibu na kambi. Mzee wa miaka 83 alisikia risasi, akaingia kwenye Land Rover yake, akaenda kuokoa. Akauawa. Wafanyakazi wake wawili walikufa naye, ingawa hadithi nyingi humtaja yeye tu. Amezikwa Kora, karibu na Terence.

Muda mfupi baadaye Kora ikawa mbuga ya taifa. Na neno shifta likazidi kumwandama kila mwenye ngamia, hata asiyewahi kushika bunduki.

Wasomi wa jamii walikuja kuuliza maswali ambayo watu wa simba hawakuuliza. Msaidizi wa George, Tony Fitzjohn, alihamia Mkomazi, Tanzania, ambako wafugaji walikuwa wameshafurushwa na serikali. Mtafiti Dan Brockington aliandika kitabu kuhusu Mkomazi, 2002, akifuatilia waliofurushwa: mifugo yao iliendaje, kipato chao kikawaje. Jibu ni kwamba gharama ya uhifadhi ilibebwa na maskini.

Je, kuna njia nyingine? Shuka na Mto Tana hadi Ijara, kaunti ya Garissa, ukaone Ishaqbini. Huko Wasomali wafugaji wenyewe walitenga ardhi kwa ajili ya hirola, swara ambaye duniani wamebaki takriban 500. Mwaka 2012, wakisaidiana na mashirika ya uhifadhi, waliwaingiza hirola 48 ndani ya ua maalum. Haijamaliza kila ugomvi wa malisho, lakini tofauti ni moja kubwa: waliokubali kupoteza nyasi ni wenye nyasi.

Kati ya 2020 na 2023 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na mizoga ikajaa kando ya barabara za kaskazini. Ukame mwingine utakuja. Kwa hivyo siku ukiiona tena video ya Christian, lia kama unataka, mimi pia hunigusa. Halafu jiulize mwenye mbuzi atakimbilia wapi.