Soichiro Honda: Fundi aliyeshindwa na vijana wake, akawaachia kampuni

Jumapili ya Julai 7, 1968, mvua ilikuwa inanyesha Rouen, Ufaransa. Mbio za Formula One zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza. Katika mzunguko wa tatu, gari jipya la Honda lilipoteza mwelekeo, likagonga ukingo wa barabara na kulipuka moto.

Bodi yake ilikuwa ya magnesiamu, madini ambayo yakishika moto kuyazima ni shughuli, na matenki yalikuwa bado yamejaa. Dereva, Mfaransa Jo Schlesser mwenye miaka 40, hakutoka hai.

Dereva mkuu wa timu, Mwingereza John Surtees, alikuwa ameshalikataa gari hilo akisema ni hatari na haliko tayari. Siku hiyo aliendesha Honda ya awali na kumaliza wa pili.

Tofauti kubwa ya magari hayo mawili ilikuwa kwenye injini. Ya Surtees ilipozwa kwa maji, ya Schlesser kwa upepo. Na ilikuwa hivyo kwa sababu mwenye kampuni, Soichiro Honda, alitaka iwe hivyo.

Haimaanishi kwamba upepo ndio uliomuua Schlesser. Lakini gari lilipelekwa mbioni kabla halijaiva, na ndani ya kampuni hakukuwa na mtu wa kumwambia Mzee hapana.

Mtoto wa mhunzi

Soichiro alizaliwa Novemba 17, 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi aliyetengeneza pia baiskeli. Gari la kwanza kuingia kijijini kwao, Ford Model T, lilimtia wazimu. Alilikimbiza, na liliposimama akainama kunusa oili iliyodondoka chini.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, alikwenda Tokyo kufanya kazi katika gereji iliyoitwa Art Shokai. Kazi yake ya kwanza? Kulea mtoto wa bosi. Spana alikuja kuzishika baadaye, na mwaka 1928 alikuwa amekwiva kiasi cha kurudi Hamamatsu kufungua tawi la gereji hiyo.

Angeweza kuishia hapo, fundi mzuri mwenye pesa zake. Ila akataka kutengeneza ringi za pistoni, zile duara nyembamba za chuma zinazoziba mwanya kati ya pistoni na silinda. Zinaonekana kitu kidogo. Zake zilikuwa zinavunjika.

Ikabidi mtu mzima, mwenye mke na wafanyakazi, arudi darasani kusoma habari za metali. Alisoma alichokihitaji, mitihani akaikwepa, cheti hakupata. Alipopeleka ringi 50 Toyota zikaguliwe, tatu tu ndizo zilizopita. Akaendelea mpaka Toyota ikawa mteja wake, kisha mwanahisa wake.

Vita Kuu ya Pili ikavuruga kila kitu. Mabomu ya Marekani yalipiga kiwanda kimoja, na Januari 1945 tetemeko la ardhi likaangusha kingine. Vita ilipokwisha aliiuzia Toyota hisa zake kwa yeni 450,000, akakaa karibu mwaka mzima akinywa pombe na kustarehe.

Injini za redio za jeshi

Mwaka 1946 alikutana na vijiinjini vilivyoachwa na jeshi, vilivyokuwa vikizalisha umeme wa redio za mawasiliano. Watu walikuwa wanatembea kwa miguu au baiskeli, treni zimefurika, petroli inatolewa kwa mgao. Akakifunga kimoja kwenye baiskeli. Tenki la mafuta la ile ya majaribio lilikuwa chupa ya bati ya kuwekea maji ya moto kitandani wakati wa baridi. Mke wake, Sachi, ndiye aliyetolewa barabarani kuijaribu.

Vijiinjini hivyo vilikuwa kama 500 tu, na vikaisha. Mwaka 1947 akatengeneza cha kwake cha cc 50. Septemba 1948 kampuni ya Honda ikasajiliwa, na mwaka uliofuata akaingia Takeo Fujisawa, mtu wa hesabu na masoko. Wakagawana kazi: Honda injini, Fujisawa pesa. Mkataba huo wa midomo ulidumu miaka 24.

Mwaka 1951 ilitoka Dream E, pikipiki ya cc 146. Injini zake za awali zilikuwa zile za kuchanganya oili na petroli, zenye moshi na makelele. Hii ilikuwa ya mipigo minne, yenye valvu juu ya silinda. Julai mwaka huo kijana mhandisi, Kiyoshi Kawashima, alipewa aijaribu kwenye mlima mkali wa Hakone. Ilikuwa mvua ya dhoruba. Honda na Fujisawa walimfuata kwa gari la Kimarekani aina ya Buick, wakashindwa kumkamata. Jina la Kawashima litarudi baadaye.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Super Cub, pikipiki ndogo ya cc 50, ilitoka 1958, na kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Mwaka 1961 Honda ilishinda mbio za Isle of Man za cc 125 na 250. Mwaka 1963 likaja gari la kwanza, pikapu ndogo ya T360. Oktoba 1965, Richie Ginther akashinda mbio za Formula One za Mexico akiwa na Honda yenye silinda 12.

Maji au upepo?

Injini ikifanya kazi inatoa joto kali, na lazima lipelekwe mahali. Angalia bodaboda nyingi za mtaani: yale mapezi ya chuma yaliyopangwa ubavuni mwa silinda ni ya kupitishia upepo. Magari mengi hutumia maji yanayozunguka ndani ya injini na kwenda kupoa kwenye rejeta.

Hoja ya Honda ilikuwa nyepesi. Maji yenyewe mwishowe yanapozwa na upepo kwenye rejeta. Kwa nini basi usitumie upepo moja kwa moja, ukaokoa uzito, gharama na rejeta inayovuja? Pikipiki zake zote zilizomtajirisha zilikuwa hivyo. Volkswagen Beetle ilikuwa hivyo, na iliuzwa dunia nzima. Huyu hakuwa mtu wa kubishana naye kirahisi. Wafanyakazi walimpa jina la Mzee Radi, na wapo waliopigwa makofi kwa kufunga nati vibaya.

Msiba wa Rouen haukumbadilisha. Honda ilijitoa Formula One mwisho wa 1968, lakini mwaka uliofuata ikaingiza sokoni Honda 1300, gari la familia lenye injini ya kupozwa kwa upepo. Kwenye karatasi lilikuwa la ajabu: nguvu za farasi 100 kutoka cc 1,300. Tatizo ni kwamba ili upepo utoshe, injini ilijengewa njia mbili za hewa na mapezi kibao, na ikawa nzito na ghali kuliko ile ya maji waliyokuwa wakiikwepa. Mzee naye alibadili michoro hata baada ya uzalishaji kuanza. Gari halikuuzika.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa inaandaa sheria ya hewa safi. Ilipopita mwaka 1970, ilitaka sumu muhimu za moshi wa magari zipunguzwe kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache. Kampuni kubwa zililalamika kwamba haiwezekani.

Vijana wa Honda waliona nafasi, ila kwa sharti moja. Ili kudhibiti moshi lazima ujue joto la silinda liko wapi wakati wote. Upepo hukupa joto moja ukiwa kwenye foleni na jingine ukiwa kasi, lakini maji hulituliza. Miongoni mwa waliosimama kidete kulisema hili ni mhandisi Tadashi Kume. Mzee akakataa.

Wakamwendea Fujisawa. Huyu hakujifanya anajua injini. Alimpigia mwenzake na kumuuliza swali lisilo na njia ya kulikwepa: unataka kuwa rais wa kampuni au mhandisi? Honda akanyamaza, kisha akajibu kwamba anadhani anapaswa kuwa rais. Fujisawa akambana: basi utawaruhusu vijana watumie maji? Akakubali.

Injini ya vijana

Civic, iliyotoka Julai 1972, ilikuwa ya maji. Oktoba mwaka huo vijana wakatangaza injini iliyoitwa CVCC. Juu ya kila silinda waliweka chumba kidogo cha pembeni. Mchanganyiko wenye petroli nyingi uliwashwa humo kwanza, na mwali wake ukatoka kwenda kuunguza mchanganyiko mwepesi, wenye hewa nyingi, ndani ya silinda yenyewe. Petroli iliungua vizuri zaidi, na sumu ikapungua bila kufunga kifaa cha kuchuja moshi kwenye ekzosi.

Desemba 1972 ilipita vipimo vya serikali ya Marekani. Toyota, ileile iliyorudisha ringi 47 kati ya 50, ikanunua haki ya kuitumia teknolojia hiyo. Ford na Chrysler nazo zikafuata. Waliosema inafaa vigari vidogo tu walijibiwa kwa vitendo: Honda walinunua Chevrolet Impala ya silinda nane, wakaibadili kwa mfumo wa CVCC, nayo ikapita vipimo.

Kuna jambo lilimchoma Mzee katikati ya kazi hiyo. Yeye alifurahi kwamba sasa Honda imesimama mstari mmoja na makampuni makubwa ya Marekani. Wahandisi wake walinung'unika kwamba hawakeshi kazini kwa ajili ya kushindana na mtu, wanafanya hivyo ili hewa iwe safi. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba hapo ndipo alipoona muda wake umekwisha.

Mwaka 1973 alistaafu, akiwa na miaka 66, na Fujisawa akaondoka naye. Kiti hakikwenda kwa mtoto wa yeyote kati yao. Alikikalia Kawashima, yule kijana wa mlima Hakone, sasa akiwa na miaka 45. Aliyemfuata mwaka 1983 ni Kume, yule wa maji.

Baada ya kustaafu Mzee alizunguka matawi ya Honda kuwashukuru wafanyakazi mmoja mmoja kwa kuwapa mkono. Alifariki Agosti 5, 1991, akiwa na miaka 84. Aliacha maagizo kwamba kampuni isimfanyie mazishi makubwa, kwa sababu foleni ya magari ingesumbua watu.

Siku sita baadaye, nchini Hungary, Ayrton Senna alishinda mbio za Formula One akiwa na kitambaa cheusi mkononi. Nyuma ya mgongo wake kulikuwa na injini ya Honda ya silinda 12, ya kupozwa kwa maji.