Ibn al-Haytham na Rangi Zinazobadilika

Katika kurasa za maisha ya wanazuoni tunamkumbuka Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham. Alizaliwa Basra, Iraq, mwaka 354 Hijria (965 Miladia). Inasimuliwa kwamba Khalifa al-Hakim alimwita Misri ili ayadhibiti maji ya mto Nile. Alipoona kazi ile haiwezekani, alihofia ghadhabu ya mtawala, akajifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani. Al-Hakim alipoondoka duniani mwaka 411 Hijria (1021 Miladia), alikuwa huru tena. Akaishi jirani na msikiti wa al-Azhar, akipata riziki yake kwa kunakili vitabu. Alifariki Cairo yapata mwaka 1040.

Tunda kubwa la maisha yake ni Kitab al-Manazir, kitabu chenye sehemu saba kuhusu nuru na kuona. Humo alieleza kwamba rangi moja haionekani vilevile kila mahali. Kitu chenye rangi iliyokoza, kikiwa mahali penye giza, huonekana cheusi. Kikipata mwanga mkali, rangi yake hudhihirika. Nukta za rangi ileile huonekana zimekoza juu ya kitu cheupe, na zimepauka juu ya kitu cheusi. Na pia ya kuchezea iliyopakwa rangi mbalimbali, ikizunguka kwa kasi, huonyesha rangi moja tu.

Elimu hii inatuhusu sisi tulio na wadogo zetu nyumbani. Mara nyingi tunamfundisha mtoto jina moja, nyekundu, basi. Akisema nyekundu hii si kama ile, tunamkaripia kuwa hajui rangi. Kumbe ameona sawasawa! Tumweleze kwamba nyekundu ina ndugu zake: waridi imepauka, damu ya mzee imekoza. Tuchanganye rangi nyekundu na nyeupe kidogo kidogo, aone inavyofifia hatua kwa hatua. Kisha tumwonyeshe kitambaa kimoja, kwanza chumbani penye giza, halafu uani penye jua.

Ibn al-Haytham hakutosheka na kuambiwa. Alitazama na kujaribu. Mtoto anayekemewa kwa kile alichokiona kweli ataacha kutazama, na hapo tutakuwa tumemzimia taa ya elimu.

Mwenyezi Mungu amrehemu mwanachuoni huyu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.